Aliyekunywa Amesimama

Dawa yake aliinywa amesimama. Asubuhi na mapema, kabla hajafagia uwanja, alitoka na kikombe cha bati, akaenda mpaka mwisho wa ua, akaipa nyumba mgongo, akatazama mibuni yake na kunywa yote kwa pumzi moja. Hakukunja uso wala hakutema mate. Alikung'uta kikombe, akashika ufagio.

Nilipokuwa bado mgeni pale nilimwuliza kwa nini hakai kwenye kigoda kama mtu anayekunywa chai.

"Ukinywa dawa umekaa, Mama Lusia, utaizoea," akasema. "Mimi sitaki kuizoea. Nataka nipone niiache."

Ilikuwa dawa ya kutafuta mtoto. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mtu akimwuliza anakunywa nini, alijibu, "Nakunywa mtoto," na muulizaji ndiye aliyeona haya.

Sisi wanawake wa Mbozi tunaitana kwa watoto wetu. Mimi ni Mama Lusia tangu nilipojifungua mara ya kwanza, na jina nililobatizwa wengi hawalijui. Yeye hakuwa na mtoto, basi watu walimwita kwa jina la ukoo wa baba yake, kama binti ambaye hajatolewa mahari, hata alipoanza kuota mvi. Mimi nilimwita Jirani, naye aliniambia jina hilo linamtosha, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumnyang'anya.

Alikuwa na ulimi. Siku moja tulipotoka ibadani, mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono mbele ya watu.

"Dada, vumilia. Bwana atalifungua tumbo lako."

"Kwani alilifunga yeye?" Jirani akauliza.

Mzee akakohoa.

"Kama alilifunga yeye, baba, ana sababu zake, msimsumbue. Na kama hakulifunga yeye, mwacheni apumzike, leo ni Jumapili."

Tulicheka mpaka njiani. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele kama kawaida yake, akaimba kwa sauti kuliko wote.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kufananishwa na shamba. Wazee wetu wana mazoea hayo, mwanamke udongo, mwanamume mbegu. Shangazi mmoja wa mumewe alikuja wakati wa kuchuma kahawa, akakaa kivulini akaanza hadithi ndefu ya mbegu njema iliyoanguka juu ya mawe. Jirani akaweka kikapu chini.

"Shangazi, shamba lina miguu?"

"Halina."

"Mimi ninayo. Ukiniita shamba tena, utaniona nikiondoka."

Lakini si kweli kwamba alikuwa mkali pande zote. Kwa mumewe alikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Yule mwanamume naye hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa fundi wa mipini ya majembe, aliimba besi kwenye kwaya, hakumpiga mke wake hata siku moja, na mama yake alipoanza maneno ya mjukuu yuko wapi, alisimama akamwambia, "Mama, nimekula, nimeshiba, twende nikusindikize." Jirani aliyahesabu hayo yote kuwa ni upendo, na labda yalikuwa upendo. Jioni alimchagulia finyango nzuri, yeye akala mchuzi. Ndiye mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha kwa kumtazama tu.

Alikuwa mchoyo pia. Chekeche lake hakumwazima mtu, na chumvi aliipima kwa ncha ya kidole. Lakini mwanamke mwenzetu akijifungua, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, akachota maji, akapika uji wa ulezi, akafua nguo za uzazi ambazo hata dada wa mzazi alizikimbia. Jambo moja tu hakulifanya. Hakupakata mtoto. Ukimnyooshea mtoto mchanga alificha mikono ndani ya kanga.

"Akishatembea nitamsalimu," alisema. "Akitembea ni mtu. Sasa hivi bado ni wenu."

Wengine walimwona ana roho mbaya. Mimi nilijua kilichomfundisha. Zamani, alipokuwa bado bibi arusi, alimpakata mtoto wa wifi yake, mtoto akaharisha jioni ile, na mama mkwe akasema mbele ya watu kwamba mkono mtupu unavuta vya wenzake. Mtoto alipona kesho yake. Neno halikupona.

Siku zake za mwezi zikija hakulia. Alilima. Alishika jembe kabla jua halijachomoza, akapalilia mibuni yote, akahamia kwenye maharage, akimaliza yake aliingia kwenye shamba langu bila kuniomba. Siku za kawaida alilima akiimba. Siku hizo hakuimba. Nilijifunza kumpelekea maji, kuyaweka mwisho wa tuta na kuondoka. Mara moja nilikosea nikamwambia pole. Akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Pole ya nini? Nani kafa?"

Hakuna aliyekufa, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwenzako akifiwa utalia naye, utapika, utalala chini kwenye mkeka wake. Lakini huyu alifiwa kila mwezi na mtu ambaye hakuwahi kuja, na hakuna matanga ya namna hiyo.

Matibabu yake nikiyaeleza yote sitamaliza. Kulikuwa na bibi wa Hasamba aliyemkanda tumbo kwa mafuta ya nyonyo mpaka akashindwa kutembea. Kulikuwa na mzee wa ng'ambo ya mto Momba aliyempa mizizi ya kuchemsha kwenye chungu kipya, na chungu hicho kisipikiwe kitu kingine mpaka mtoto azaliwe. Hiyo ndiyo dawa aliyoinywa amesimama. Mizizi ikiisha nguvu aliongeza mingine humo humo, na chungu kikawa cheusi kama lami. Wazee wa kanisa walimwita wakamwuliza kuhusu hicho chungu. Akawaambia, "Mungu aliumba mizizi siku ya tatu, kabla yenu."

Halafu kulikuwa na hospitali. Hiyo nilikwenda naye.

Ilikuwa miaka ile barabara ya lami ya kwenda Zambia inajengwa. Basi lilipita kando kando ya matrekta, vumbi likatufanya wote rangi moja. Tulikwenda mbali, upande wa Mbeya, kwa sababu alisikia kwamba huko kuna daktari anayepima mirija ya uzazi. Tulikuta benchi refu limejaa wanawake. Wengine walijifanya wameleta kikohozi, wengine waliazima mtoto wa mwenzao wakampakata ili waonekane wameleta mtoto. Mara muuguzi akatoka na sauti ya mnadani.

"Wenye matatizo ya kizazi, huku!"

Hakuna aliyeinuka. Watu wote wa benchi lile walitazama miguu yao. Jirani akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, wenzangu," akasema, "tumeitwa. Au tungoje aite tena mpaka wasikie na sokoni?"

Wakainuka. Wengi, wengi kuliko nilivyodhani, pamoja na yule aliyekuwa na mtoto wa kuazima, akamrudisha kwa mwenyewe bila kumtazama. Jirani akawatangulia kama anawapeleka kwenye arusi.

Daktari alimpuliza hewa ndani ya kizazi kwa mpira, kuona kama inapita. Mimi nilikaa nje ya pazia. Sikusikia kilio. Nilisikia anahema, na alipotoka kona ya kanga yake ilikuwa imetafunwa mpaka nyuzi zimeachana. Yule muuguzi akatufasiria maneno ya daktari, safari hii kwa sauti ya chini. Mirija iko wazi. Mama hana ubovu wowote unaoonekana. Sasa amlete mumewe apimwe.

Ndani ya basi alinunua hindi la kuchoma akalila lote, akala na langu. Tulishuka Vwawa tukaanza kutembea. Tulipofika penye kilima cha mwisho akasema, "Tangulia." Nikatangulia hatua chache, nikasimama nimempa mgongo. Sijui alifanya nini nyuma yangu. Aliponifikia uso wake ulikuwa mkavu, magoti yake yana udongo.

"Umeyasikia yale ya hospitali," akaniambia.

"Nimeyasikia."

"Hujayasikia."

Nikasema, sawa, sijayasikia.

Alimwambia mumewe usiku uleule, na asubuhi nilijua jibu kabla hajanieleza, kwa sababu nilimwona amesimama mwisho wa ua na kikombe chake. Mwanamume alisema, "Mimi si ng'ombe wa kwenda kukamuliwa kwenye chupa." Baada ya siku chache akamletea kitenge kipya, na hakumgusia tena habari hiyo. Jirani akakivaa kitenge.

Nilikasirika kuliko yeye. Nikamwambia, "Sasa unakunywa nini? Umeambiwa huna ugonjwa."

"Nikiacha kunywa," akasema, "wataniuliza kwa nini nimeacha. Nitawajibu nini?"

"Waambie ukweli."

"Wamcheke? Wakimcheka huyo, Mama Lusia, mimi nitaishi na nani?"

Hapo ndipo sikumwelewa, na mpaka leo simwelewi vizuri. Mwanamke aliyewashinda wazee wa kanisa kwa maneno alijibebesha ugonjwa wa mtu mwingine, akautibu mwilini mwake kwa dawa chungu. Kukandwa alikandwa. Kuchanjwa alichanjwa, alama anazo kiunoni. Kila ndugu wa mume aliyeleta mganga mpya, alimpokea.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Kule zamani kila mji ulikuwa peke yake katikati ya mibuni na migomba, ukitaka chumvi kwa mwenzako unatembea. Malori yakaja, tukapangwa kwenye mstari kama mahindi, mlango kwa mlango, ua kwa ua. Sisemi kwamba yote yalikuwa mabaya. Tulipata bomba la maji na zahanati, na mimi kusoma nilijifunza huko, kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini siri zetu zilibaki kule kwenye migomba.

Nyie wa siku hizi hamjui vitambaa. Mwanamke alitumia vitambaa vya mwezi, akavifua, akavianika. Kule zamani Jirani alivianika ndani kabisa ya migomba. Kijijini hapakuwa na migomba, tulikuwa tumepanda miche tu. Kamba ya nguo ilikuwa uani, na ua wa kila mtu ulikuwa machoni pa mwenzake. Basi kila mwezi wanawake wa mstari ule waliisoma kamba yake. Vitambaa vikionekana, walijua dawa imekataa tena. Vikichelewa kidogo, walianza kumsalimia kwa upole, na upole ule ulimwuma kuliko dharau. Akajaribu kuvikausha ndani juu ya moto, vikanuka moshi, vikamtia vidonda.

Nikamwambia, "Lete kwangu." Tukafunga kamba moja kutoka nyumba yangu mpaka yake, tukaanika pamoja. Mtu apite asome, atajua ni cha nani?

Hata nilipopata mimba ya mtoto wangu wa mwisho, niliendelea kulowesha vitambaa vyangu visafi na kuvianika kila mwezi, vyake viwe na wenzake. Tumbo lilipotokeza wanawake walinijia.

"Mama Lusia, hii mimba ni kubwa, na sisi tumekuona unaanika mpaka juzi! Ulikuwa unaanika nini?"

"Matambara ya jikoni. Una swali lingine?"

Wakaondoka. Jirani alikuwa nyuma ya mlango wake anasikia. Jioni aliniletea chekeche lake, lile lile asiloazima mtu, akaliweka mlangoni pangu akaondoka.

Mwisho wa yote mama mkwe alishinda. Alimtafutia mwanawe binti wa Isansa, mdogo, mwenye mwanya na kicheko cha karibu. Mumewe Jirani hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikwenda tu alikopelekwa, kama mpini unavyofuata jembe. Kanisani wakamweka nyuma, akanyimwa meza ya Bwana, besi yake ikapotea kwenye kwaya. Jirani alibaki benchi la mbele. Nilimtazama Jumapili ile ya kwanza. Aliimba.

Wale wanawake wawili hawakugombana, na watu waliosubiri ugomvi walichoka kusubiri. Binti alimwita Dada. Jirani alimfundisha kuchambua kahawa kwenye chanja, alimsuka, alimkemea akichelewa bombani. Na vitambaa vya binti vikaja kwenye kamba yetu. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, masika yakapita, kipupwe kikaja na baridi yake, mavuno yakaingia vihengeni, vitambaa bado vinakuja. Mstari mzima uliisoma kamba ile, na sasa ilikuwa na habari nyingine kabisa. Wanawake wakaanza kutazamana.

Mama mkwe naye alisoma, lakini alisoma alichotaka. Akaja mchana mmoja na kikapu cha mizizi na bibi wa kukanda tumbo. Nilikuwa uani kwangu nachagua maharage, kila kitu nilikiona. Binti aliketishwa kwenye mkeka. Mumewe alikuwa pembeni anachonga mpini. Mama mkwe aliingia jikoni mwenyewe akatoka na kile chungu cheusi cha Jirani, akatia mizizi mipya, wakakoleza moto mbele ya mlango. Kilipochemka akamimina kwenye kikombe cha bati, kile kile.

"Kunywa, mwanangu. Ni chungu, lakini mtoto ni mtamu."

Binti akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekaa.

Jirani alitoka nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni. Aliona kikombe mikononi mwa yule binti. Akatua kuni taratibu, akaenda, akakichukua kikombe, akakimwaga kwenye mfereji.

"Huyu hatakunywa," akasema.

"Unamwonea wivu mwenzio!" mama mkwe akapiga kelele. "Wewe umeshindwa, unataka na yeye ashindwe?"

"Mama, mimi nimekunywa ya kututosha wote wawili." Akamgeukia mumewe. "Baba, sema."

Mwanamume akaendelea kuchonga.

"Mwambie mama yako tulichoambiwa hospitali. Sema wewe, maana mimi nikisema nitasema vibaya."

Kisu kikaendelea, krau, krau. Nilimwona anamsubiri. Ninavyoamini, alimsubiri kwa moyo wake wote. Angesema neno lolote, hata la uongo, angemsamehe. Mpini ukawa mwembamba mpaka haufai.

"Mama," Jirani akasema, "mimi njia zangu ziko wazi. Walipuliza hewa ikapita. Waliomba mwanao apimwe, akakataa. Huyu binti ni mzima. Mpe dawa mwanao, umwache mtoto wa watu."

Mama mkwe aliketi chini palepale. Mwanamume akaweka kisu, akasema neno moja, wala hakulisema kwa ukali.

"Umeniua."

Jioni sanduku la bati la Jirani lilikuwa nje. Nilimwingiza kwangu, akakaa nami mpaka kaka zake walipokuja kumchukua. Siku zote hizo hakulaani mtu. Asubuhi alitoka na kikombe, akasimama mwisho wa ua wangu. Hakukuwa na mibuni pale, alitazama choo cha nyumba ya nyuma. Alisimama.

Chungu alikibeba kichwani alipoondoka. Nilimwambia akiache, akasema ni chake.

Binti naye hakungoja mavuno mengine. Alirudi kwao Isansa, akaolewa na dereva wa malori wa Tunduma, Mwislamu wa kutoka pwani, na kabla hatujasahau arusi tukasikia amejifungua. Kijiji kizima kilipata jibu lake. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Yule fundi aliacha kuchonga, akawa mtu wa pombe ya komoni, watu wakipita alijifanya amelala. Ukweli aliokuwa amefichiwa miaka yote ulimfanya vile vile Jirani alivyosema utamfanya, na hakuna aliyefaidika nao isipokuwa binti.

Nilikaa muda mrefu bila kumwona Jirani. Ilipofika miaka ile ya foleni, sabuni hakuna, chumvi ya kubahatisha, asubuhi moja nilikwenda Tunduma kutafuta sabuni kwa watu wa ng'ambo. Nikiwa karibu na mpaka nasikiliza wafanyabiashara wakisalimiana kwa Kibemba, "mulishani mukwai", nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mama Lusia, bado unaanika matambara ya jikoni?"

Alikuwa anauza viazi vitamu vya kuchemsha kwa watu wa malori. Amekonda, mvi zimejaa, ulimi uleule. Alikuja mjini kwa wito wa yule binti, akamsaidia uzazi, akabaki. Akanipeleka kwenye chumba chake cha kupanga, ua wa watu wengi, kamba za nguo zimejaa kanga na nepi za wapangaji.

"Binti anakuja kukuona?"

"Anakuja. Mkubwa wake ameshatembea." Akapanga viazi kwenye ungo. "Nimemsalimu."

Akanieleza mengine bila kuulizwa, macho yake yako kwenye viazi. Kwamba alikaa na fundi mmoja wa magari, mjane, mtu mpole, mwenye watoto wake wakubwa Dodoma. Kwamba siku zake zikakoma kuja. Akangoja, hazikuja. Akaacha kubeba ndoo. Akanunua kitambaa cheupe akakificha. Akaenda zahanati, na muuguzi, msichana mdogo sana, akamshika bega akamwambia, "Mama, huo ni umri tu."

"Fundi alisema nini?"

"Alisema pole." Akacheka kidogo. "Alikuwa mgeni, hakujua. Sasa amerudi kwa watoto wake, sikumzuia."

Sikumwambia pole.

"Njia zilikuwa wazi, Mama Lusia," akasema. "Zilikaa wazi mpaka zikafungwa zenyewe, kama duka."

Ndipo nikasikia harufu. Kwenye mafiga, pembeni ya sufuria ya viazi, kile chungu cheusi kilikuwa kinachemka.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa hii ya nini?"

"Ya asubuhi," akasema, kama mtu aliyeulizwa chai ni ya nini. "Nisipokunywa, siku haianzi."

Akamimina vikombe viwili, akaniletea kimoja, akavuta kigoda. Miaka yote ile sikuwa nimeionja. Nikapiga funda moja. Nimezaa, nimezika, nimelala njaa, lakini kitu kichungu kama kile sijawahi kukitia mdomoni. Kilishika koo, kikapanda mpaka masikioni. Nikakishusha kikombe chini. Sikuweza.

Jirani akanitazama, akakichukua kikombe changu, akaongezea kwenye chake. Akanywa polepole, huku ananiuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina.

Aliinywa amekaa.